Swala dama: wamejaa Texas, wanakwisha Sahara

Mwaka 1979 ranchi za Texas zilikuwa na swala dama 9. Kufikia mwaka 2010 walikuwa 894. Katika miaka hiyohiyo, huku kwao Sahara na Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, mnyama huyu alizidi kupukutika hadi shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Tathmini yake ya mwaka 2016 ilikadiria waliobaki porini kuwa kati ya 100 na 200. Hao ndio wote, wametawanyika katika nchi kame inayochukua siku kadhaa kuivuka kwa gari.

Kila anayezisikia takwimu hizi huuliza swali moja: kama wapo mamia upande ule, kwa nini wasipakiwe ndegeni wakarudishwa? Swali ni la haki. Jibu lake limefungamana na damu, misuli, visima, mbwa na bunduki, na kila fundo linahitaji kufunguliwa peke yake.

Tumjue kwanza. Jina lake la kisayansi ni Nanger dama, na anayemfahamu swala granti ana pa kuanzia, maana hao ni ndugu wa jenasi moja. Dama ndiye mkubwa kuliko swala wote wa kundi lao: begani hufika sentimita 90 hadi 120, na uzito wake ni kilo 40 hadi 75. Miguu ni mirefu na myembamba, shingo ndefu. Pembe zinaota kwa dume na jike, zikijikunja kwa umbo la herufi S. Shingo ni nyekundu ya kutu, tumbo na makalio ni meupe, na kooni ana doa jeupe ambalo halikosekani. Nchini Niger timu ya taifa ya soka inaitwa Mena, na mena ni swala huyuhuyu. Wachezaji wanambeba kifuani wakati porini nchini mwao wanahesabika kwa makumi.

Shingo na miguu ile ina kazi. Dama hula majani ya migunga na vichaka kuliko anavyokula nyasi, na akiishiwa na majani ya chini husimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia ya juu. Mvua za Sahel zinapoanza, kwa kawaida kati ya Juni na Julai, alikuwa akizifuata kaskazini hadi ukingo wa Sahara ambako majani machanga huchipua kwa wiki chache. Maji yakikauka alishuka tena kusini. Anavumilia ukame, lakini si kama adaksi, mnyama wa jangwani jamii ya choroa, anayeweza kukaa ndani kabisa ya mchanga. Kwa hiyo ardhi yake ilikuwa na ncha mbili, ya mvua na ya kiangazi, na ukiikata ncha moja umemuua hata kama ile nyingine umeilinda.

Ncha zote mbili zilikatwa.

Ya kaskazini ilikatwa na gari. Mwindaji wa zamani, kwa miguu au juu ya ngamia, alilazimika kumvizia dama, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Gari la kuendesha magurudumu yote lilibadili hesabu hiyo kabisa. Swala ana mbio kali za muda mfupi. Katika uwanda usio na mti wala bonde, gari linamfuata hadi joto la mwili wake linapanda kupita uwezo wa damu na pumzi kulipoza, naye anasimama mwenyewe, mdomo wazi, akisubiri risasi. Kundi zima linaweza kumalizwa katika asubuhi moja. Ndiyo maana nchini Niger dama wengi waliobaki wako milimani: mabonde ya mawe ya Aïr na vilima vya Termit. Watu wengi huona ramani ya leo wakadhani ni mnyama wa milima. Sivyo. Amejificha mahali ambapo gari haliingii, na kwamba ameweza kuishi huko hakumaanishi kwamba huko ndiko kunakomfaa.

Ya kusini ilikatwa na kisima, na hapa inabidi kuwa waangalifu maana kisima ni uhai wa watu. Zamani malisho mengi ya Sahel yalipumzika wakati wa kiangazi kwa sababu hayakuwa na maji ya kunyweshea mifugo. Kisima kirefu chenye pampu kinashikilia ng'ombe, mbuzi na ngamia mahali palepale mwaka mzima. Nyasi zinazokizunguka zinakwisha, kisha wachungaji wanapunguza matawi ya migunga kulisha mbuzi, na hicho ndicho chakula cha dama. Mchungaji hana kosa kutaka mifugo yake iishi. Tatizo ni kuchimba kisima bila kuuliza kipande gani cha nchi kitaachwa kipumzike.

Juu ya hayo kukaja vita na dhahabu. Hifadhi ya Aïr na Ténéré ilianzishwa mwaka 1988, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 77,000, na mwaka 1991 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata tu ilihamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mapigano. Mwaka 2014 dhahabu iligunduliwa Djado, kaskazini mashariki mwa Niger, na maelfu ya wachimbaji wakamiminika jangwani na magari, na mara nyingine silaha. Mtu aliyepiga kambi mbali na soko atatafuta nyama iliyo karibu.

Leo dama wa porini wanajulikana Aïr, Termit na uwanda wa Tin Toumma kwa upande wa Niger. Na Manga pamoja na hifadhi ya Ouadi Rimé-Ouadi Achim kwa upande wa Chad. Kusini mwa Tamesna, Mali, matumaini ni madogo sana. Kati ya kundi na kundi kuna mamia ya kilomita, na hakuna dume anayevuka kwenda kutafuta jike upande wa pili.

Damu iliyokaribiana

Kutengana huko kunatuleta kwenye fundo la kwanza. Kundi dogo lililofungiwa hupoteza utofauti wa vinasaba hata kama wanyama wake ni wazima na wanazaa vizuri. Kasi ya kupoteza haitegemei idadi ya vichwa peke yake. Inategemea nani anazaa na nani.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha madume wanaozalisha kwa majike wanaozalisha, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla yao. Chukua kundi la wanyama 10 lenye dume 1 na majike 9: 4 mara 1 mara 9 ni 36, gawa kwa 10, unapata 3.6. Kivinasaba, kundi hilo la 10 ni sawa na la wanyama wasiozidi 4. Kila kizazi hupoteza sehemu moja kati ya mara mbili ya jibu hilo, yaani 1 kwa 7.2, karibu asilimia 14. Sasa chukua 10 wengine, madume 5 na majike 5, na kila mmoja apate nafasi ya kuzaa: jibu ni 10, na upotevu ni asilimia 5 kwa kizazi. Baada ya vizazi 10, kundi la kwanza limebakiwa na kama asilimia 22 ya utofauti lililoanza nao. La pili lina karibu asilimia 60.

Ugumu ni kwamba swala hawakai tano kwa tano. Dume mwenye nguvu huwafukuza wengine, na katika zizi lenye uzio aliyeshindwa hana pa kukimbilia, anachomwa pembe. Mfugaji anayetaka amani hubakisha dume mmoja, na amani hiyo inalipiwa kwa vinasaba. Njia iliyo salama zaidi ni kumbadilisha dume kila baada ya muda, kuwaweka madume vijana katika zizi lao, na kuandika nani kamzaa nani. Bila daftari la ukoo kazi yote ni kubahatisha. Ranchi nyingi huwaachia wanyama wazaane wenyewe, hivyo mtu anaweza kuwa na dama 60 bila kujua kwamba karibu wote wametoka kwa babu mmoja.

Asili ya waliofugwa nayo ni nyembamba. Dama wa Marekani wanatokana na waliokamatwa Chad mwaka 1967. Wale wa upande wa magharibi, waitwao mhorr, walitoweka porini mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukoo wao uliokolewa na wanyama wachache mno waliochukuliwa Sahara Magharibi na kupelekwa Almería, Uhispania, ambako mwaka 1971 kituo maalumu cha wanyama wa Sahara kilianzishwa kwa juhudi za José Antonio Valverde. Karibu kila mhorr aliye hai duniani leo ni mjukuu wa wanyama hao wachache.

Hapo ndipo mabishano makali yanapozuka. Vitabu vya zamani vinawagawa dama katika nususpishi 3 kwa rangi: mhorr wa magharibi, ambaye wekundu umemfunika karibu mwili mzima, addra wa mashariki, mweupe mwenye shingo nyekundu, na yule wa kati, aliye baina yao. Kwa miongo mingi bustani za wanyama zilikwepa kabisa kuwachanganya. Lakini vipimo vya vinasaba vilivyofanywa katika miaka ya 2010, vikitumia kinyesi kilichookotwa jangwani na ngozi za makumbusho, havikuunga mkono mgawanyo huo wa tatu. Rangi inabadilika polepole kutoka magharibi hadi mashariki, na hata katika kundi moja la porini wanapatikana weupe na wekundu.

Kwa maoni yetu hoja ya kuchanganya ina uzito. Hatari ya kuwachanganya ndugu waliotengana muda mrefu mno ipo, na inapimika kwa kuanza na majozi machache na kufuatilia watoto na wajukuu: uzito wa kuzaliwa, vifo vya kabla ya kuachishwa ziwa, uzazi wa majike. Hatari ya kuacha kila ukoo ujizalie wenyewe nayo inajulikana, na hiyo haisubiri. Kinachotakiwa ni kuchanganya sehemu na kuacha sehemu, ili kosa likitokea kuwe na pa kurudi.

Dakika za hatari

Tuseme mnyama wa kuhamishwa amechaguliwa. Kumkamata ndiko kunakoua. Wengi hudhani hatari ni kumvunja mguu. Iliyo kubwa zaidi haionekani. Swala aliyekimbizwa au kushikwa kwa nguvu hutumia misuli kuliko damu inavyoweza kuiletea oksijeni. Asidi inajaa, joto linapanda, chembe za misuli zinapasuka na kumwaga protini yake kwenye damu, na protini hiyo inaziba figo. Mnyama anaweza kuinuka, akatembea, akaonekana mzima, kisha akafa baada ya saa chache, siku kadhaa au hata wiki. Mkojo wa rangi ya kahawa ni dalili kwamba uharibifu umeshafanyika.

Kwa hiyo kazi hufanywa alfajiri, kabla mchanga haujashika moto, na mbio hupimwa kwa dakika. Muda uliopangwa ukipita, mnyama anaachwa aende, hata kama mafuta na gharama zimekwenda bure. Akipigwa sindano ya dawa kali ya usingizi kama etofini, daktari anatakiwa kuwa na dawa ya kuiondoa mkononi tayari, ya mnyama na ya binadamu, maana tone la etofini likimwingia mtu linaweza kumuua. Aliyelala hawekwi ubavu. Anakalishwa kwa kifua, kichwa juu kuliko tumbo, pua ikielekea chini, ili majimaji ya tumbo la cheu yasishuke mapafuni. Macho yanafunikwa, masikio yanazibwa kwa pamba, na wote waliopo wananyamaza. Halafu kipimajoto, kila baada ya dakika chache: nyuzi 39 ni sawa, ikifika 41 maji yanamwagwa kinenani na chini ya makwapa, ikikaribia 42 kazi inasitishwa, dawa ya kumwamsha inatolewa, na sampuli za damu zilizobaki zisahauliwe. Timu ikishindwa kusitisha kwa wakati, mnyama hufa akiwa na kola mpya shingoni.

Kola yenyewe isizidi asilimia 3 hivi ya uzito wa mwili, ambayo kwa swala wa kilo 50 ni kilo 1 na nusu, na zilizopo siku hizi ni nyepesi kuliko hapo sana. Dume anayekua hafungwi kola isiyotanuka, kwa sababu shingo yake itanenepa na kola itamkaba.

Lango linafunguliwa lini

Mnyama aliyezaliwa zizini hajui mengi. Tumbo lake limezoea majani makavu na vyakula vya kusagwa. Vijidudu vya kwenye cheu huhitaji wiki kadhaa kuzoea majani ya migunga, na mabadiliko ya ghafla huleta kuhara au gesi inayoua. Hajui kisima kiko wapi. Hamjui mbwa. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye zizi kubwa palepale atakapoachiwa, uzio ukiwa umefunikwa kwa turubai au wavu mnene wa kivuli, kwani swala aliyeshtuka haoni waya mwembamba. Huukimbilia kwa kasi yote na kuvunjika shingo.

Chanjo na karantini havikwepeki, kwa pande zote mbili. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliua maelfu ya swala saiga wa Mongolia kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016, na mbuzi wako kila mahali Sahel. Kuchanja mifugo inayozunguka hifadhi kunamlinda swala, na mchungaji anapata faida ya papo hapo. Ni moja ya kazi chache ambapo pande zote mbili zinataka kitu kilekile.

Majaribio ya kuwarudisha yalishaanza. Mhorr kutoka Almería walipelekwa Guembeul, Senegal, mwaka 1984, ndani ya uzio. Mwezi Mei mwaka 2015 Morocco iliwaachia mhorr 24 katika hifadhi ya Safia, kwenye eneo la Sahara Magharibi inalolitawala, wakiwa huru. Kulikoachiwa wanyama namna hiyo, mbwa ni tatizo lisilopewa uzito unaostahili. Mtoto wa dama katika siku zake za mwanzo hafuatani na mama. Hulala kimya majani yakimficha, na mama humrudia kumnyonyesha. Mbweha hupita bila kumwona. Mbwa watatu wa kambi wanaozurura usiku na kufuata harufu wanampata. Na jike huzaa mmoja tu, baada ya mimba ya miezi 6 na nusu hivi, kwa hiyo kila mtoto aliyeliwa ni mwaka wa kazi uliopotea. Kabla ya kuleta swala, wahesabiwe mbwa, na wenye kambi wakubaliane kuwafunga usiku.

Somo kubwa zaidi limetoka kwa jirani yake. Ouadi Rimé-Ouadi Achim, hifadhi ya Chad yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 78,000, ndipo choroa wa Sahara aliyekuwa ametoweka kabisa porini alipoachiwa kuanzia Agosti 2016, kwa ushirikiano wa serikali ya Chad, Abu Dhabi na Sahara Conservation Fund. Wanyama walikusanywa kutoka makundi ya choroa wanaofugwa nchi mbalimbali wakapitia Abu Dhabi. Wamezaa, na watoto wao wamezaa. Kilichobeba kazi ile kilitangulia wanyama: walinzi wanaolipwa kwa wakati, magari yenye mafuta, mawasiliano ya redio, na mazungumzo na wafugaji wanaokatiza hifadhi kila mwaka na makundi yao. Mpango wa dama hauna haja ya kubuni njia nyingine. Fedha za ndege ya kusafirisha swala 20 zipo upesi kuliko mshahara wa walinzi 20 kwa miaka 10, na hapo ndipo mipango mingi inapokatikia.

Mwezi uleule wa Agosti ndio unaomfaa dama pia. Mvua imeshanyesha, majani yapo, madimbwi yana maji, na anayejifunza nchi mpya ana miezi miwili mitatu ya kukosea bila kufa. Lango hufunguliwa asubuhi na kuachwa wazi. Hakuna anayewafukuza watoke. Maji na chakula cha zizini vinaendelea kuwekwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu wengine hurudi usiku. Na kuanzia siku hiyo mtu mmoja anatakiwa kukaa mbele ya skrini akisoma kola: alama iliyokaa mahali pamoja saa nyingi kuliko kawaida ni jike aliyejitenga kuzaa, au ni mzoga, na gari linatoka hukohuko kwenda kuangalia kabla fisi hawajamaliza ushahidi.